Kabla ya lenzi, giza: galaksi tunazoweza kuzipiga picha tukiwa Kigoma

Mwezi ukiwa mpevu, mwalo wa Kibirizi hulala. Maboti huvutwa mchangani, nyavu huanikwa, na dagaa wabichi hupanda bei sokoni, kwa sababu mbalamwezi huua kazi ya taa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hufuata mwanga. Ziwa zima likishakuwa jeupe, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya. Siku hizo na mimi hulala. Kamera hurudi mfukoni, betri huchajiwa, nami nahesabu siku mpaka giza lirudi. Kwa miaka kadhaa sasa kalenda yangu na ya wavuvi imekuwa moja. Wao wanatafuta riziki ya kesho asubuhi, mimi natafuta nuru iliyoanza safari kabla hajazaliwa binadamu wa kwanza.

Vijana wanaonijia wakitaka kuanza kupiga picha za anga huniuliza karibu wote swali moja: ninunue kamera gani? Wengine wameshadunduliza pesa, wameshajua bei ya lenzi, wanachotaka ni kuambiwa tu nenda kanunue. Mimi huwauliza, utasimama wapi? Naona nyuso zinakunjamana, maana wanadhani nakwepa swali. Kwa mtu anayetaka kupiga galaksi, mahali anaposimama pana uzito kuliko kamera, kuliko lenzi, kuliko programu yoyote ya kuchakata picha. Na mkoa wetu una mahali pa kusimama ambapo watu wa miji mikubwa ya dunia hulazimika kupanda ndege kupafuata. Kinachoniuma ni kwamba giza hilo tunalihesabu kama alama ya kuchelewa, na tunaliondoa kwa taa zinazomulika juu, ambako hakuna mtu anayepita.

Nianze na hesabu, kwa sababu bila hesabu mtu anaweza kusema haya ni mapenzi ya nyumbani tu. Nuru huingia kwenye kamera kwa chembe mojamoja ziitwazo fotoni, na chembe hizo haziji kwa mstari. Zinadondoka kama mvua inayoanza juu ya bati: tone hapa, matatu pale, kisha kimya. Ukihesabu matone 10,000 katika dakika moja, dakika inayofuata, kwa mvua ileile, unaweza kupata 10,100 au 9,900. Mtikisiko huo wa kawaida ni kipeuo cha pili cha idadi yenyewe, na kipeuo cha pili cha 10,000 ni 100.

Sasa chukua pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, iliyoelekezwa ukingoni mwa galaksi, pale mikono yake inapofifia. Tuseme kwa dakika moja galaksi inaleta fotoni 50 kwenye pikseli hiyo. Katikati ya jiji, anga lenyewe linaleta 10,000 kutokana na taa za barabarani, za maduka na za magari. Mtikisiko ni 100, na zile 50 za galaksi zinazama ndani yake kama sauti ya mtoto anayesoma juzuu katikati ya mnada. Nenda mbali na mji, anga lilelile linaleta fotoni 250. Mtikisiko wake haufiki hata 16. Zile 50 zinasimama wazi. Kamera haikubadilika, lenzi haikubadilika, wala galaksi haikuongeza hata chembe moja.

Uwiano huo wa 40 kwa 1 sikuubuni ili nionekane mjanja. Wanaanga hupima weusi wa anga kwa magnitudo, kipimo chao cha mng'ao, katika kila sekunde ya tao ya mraba, yaani kipande kidogo sana cha anga, na namba ikiwa kubwa ndivyo anga lilivyo jeusi. Katikati ya jiji kubwa hupatikana 18 au pungufu. Mahali peusi kabisa duniani hukaribia 22. Kila hatua moja ya magnitudo ni tofauti ya mara mbili na nusu hivi, kwa hiyo hatua nne ni karibu mara 40. Jijini unaweza kufidia kwa kupiga fremu nyingi na kuzirundika, lakini ili upate kile ambacho shambani ungekipata kwa saa moja utahitaji saa 40 hivi. Ukipata saa nne kila usiku, hizo ni siku kumi zisizo na mwezi wala wingu. Nani Dar es Salaam anazipata siku kumi za namna hiyo mfululizo?

Mimi nilijaribu. Nilikuwa nikifanya kazi Dar, nikapanda paa la ghorofa moja Kariakoo mwezi Novemba nikiwa na lenzi ya milimita 200, nikapiga galaksi ya Andromeda kwa saa tatu nzima. Niliporundika picha nilipata kidoa cha mviringo kisicho na kingo, mfano wa taa ya pikipiki inayokuja kwenye ukungu. Kilikuwa kiini cha galaksi tu. Mwaka uliofuata nilikuwa upande wa Ilagala, karibu na Malagarasi inapoingia ziwani, na kamera ileile. Baada ya dakika 40 Andromeda ilinijaa kwenye fremu. Upana wake angani ni nyuzi 3 hivi, yaani sawa na miezi mipevu sita iliyopangwa mstari mmoja, na huo upana ndio jiji lilikuwa limenificha. Mikanda ya vumbi ilionekana ikizunguka kiini. Galaksi ndogo mbili zinazoandamana nayo, M32 na M110, zilikuwa pembeni bila kutafutwa. Nilikaa chini mchangani nikaitazama skrini ndogo ya kamera mpaka betri ikaisha, na sioni haya kusema macho yalinilowa.

Kuna hoja ninayoisikia kila mara kutoka kwa wenzetu wa mijini, nayo inastahili jibu la heshima: siku hizi kuna filta. Ni kweli. Nebula, yaani wingu la gesi kama lile lililoko Orion, hutoa nuru kwa rangi chache mahususi, hasa ule wekundu wa haidrojeni wa nanomita 656. Ukiweka filta inayopitisha rangi hiyo peke yake, taa za mji karibu zote zinabaki nje, na ndiyo maana leo mtu anapiga nebula safi akiwa juu ya paa katikati ya jiji. Galaksi haikubali dawa hiyo. Nuru ya galaksi ni nuru ya nyota zake, mabilioni kwa mabilioni, na nyota hutoa rangi zote kuanzia buluu hadi nyekundu. Filta itakayozuia taa ya barabarani itaizuia na galaksi. Zamani kulikuwa na nafuu kidogo, maana taa za sodiamu zilitoa nuru ya njano iliyobanana mahali pamoja, ukaweza kuikata na kubakiwa na kingine. Taa nyeupe za LED zimetapakaa kwenye rangi zote. Kwa mpiga picha wa galaksi hakuna cha kukata.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaodhani mambo yote ya picha ni suala la vifaa. Kwenye nebula, pesa zinaweza kununua njia. Kwenye galaksi, pesa inafika mahali inakwama.

Mwaka 2024 Kigoma ilipata jaribio ambalo hakuna aliyelipanga kwa ajili yetu wapiga picha. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Tanzania na nchi jirani tunazochangia nazo ziwa tulisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Ilikuwa miezi mitatu migumu kwa familia za mwaloni, na sitaki msomaji adhani ninaisherehekea. Lakini nilikuwepo, nikaona anga lilivyobadilika, na nitakuwa mnafiki nikinyamaza.

Kwa kawaida usiku wa giza ukisimama kilimani upande wa Katonga unaona ziwa limejaa taa kana kwamba kuna mji wa pili umeelea. Mwanga wake unagonga maji, unarudi juu, unanaswa na unyevu wa hewa, na upande wote wa magharibi unakuwa na utando mweupe. Usiku wa tarehe 5 Julai 2024, mwezi ukiwa umefichika kabisa na Muharram ikikaribia kuandama, nilipanda kilima hichohicho. Ziwa lilikuwa jeusi. Nyota zilishuka mpaka zikagusa milima ya Kongo. Niliifunga kamera juu ya treka, kile kifaa kidogo kinachoizungusha kufuata mwendo wa anga, nikaielekeza kusini-magharibi, juu kidogo ya Msalaba wa Kusini, kwenye galaksi ya Centaurus A iliyo umbali wa miaka nuru milioni 12 hivi. Fremu za sekunde 60, jumla 90. Kwenye histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, ule mgongo unaoonyesha mwanga wa anga ulikuwa umejibanza ukutani kushoto, haujainuka. Kariakoo ulikuwa unanifika katikati kwa sekunde 20 tu.

Ilipofika karibu saa nne akapita mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, anayeishi chini ya kilima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Bado unavua huko juu? Sisi ziwa letu limefungwa."

Nikamwonyesha fremu moja kwenye skrini. Hata bila kurundika, Centaurus A ilionekana: duara la ukungu lililokatwa katikati na mkanda mweusi wa vumbi, kama mtu aliyefunga mshipi. Akaitazama muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo nimelifikiria sana tangu usiku ule. "Zamani tulikuwa na karabai. Mwanga wake ulikuwa wa njano, ukigeuka unaona nyota. Hizi za sola nyeupe zinachoma macho. Ukiwa kwenye boti huoni hata Kilimia."

Mzee hakusoma fizikia, na alichokisema ni fizikia. Hewa husambaza nuru ya buluu kuliko nuru ya njano. Ukilinganisha rangi ya nanomita 450 na ile ya 600, ya buluu hutawanywa zaidi ya mara tatu. Taa ya LED yenye weupe wa kibuluu hulichafua anga kuliko taa ya rangi ya joto, ile ya unjano, yenye nguvu sawa. Na jicho likishapigwa na weupe ule linahitaji nusu saa kurudi kwenye hali ya giza. Mvuvi anayejua kuitafuta Kilimia, lile kundi la nyota, ili ajue majira anapoteza kitu, hata asipokuwa na kamera.

Hata ziwa likilala, hata mji ukizima taa, anga haliwi jeusi kabisa, nalo ni jambo la kulijua kabla ya kulaumu taa kwa kila doa kwenye picha. Hewa ya juu yenyewe hutoa mwanga hafifu usiku kucha, na huongezeka jua linapokuwa kwenye kilele cha shughuli zake kama ilivyokuwa mwaka 2024. Kisha kuna ile alfajiri ya uongo. Wazee wa Ujiji wanaifahamu kwa sababu ya swala: nuru inayosimama wima mashariki kabla ya alfajiri ya kweli, wanavyuoni wakaifananisha na mkia wa mbwa mwitu, na ambayo haikatazi daku wala haifungui swala ya asubuhi. Ni vumbi lililotawanyika katika njia ya sayari, linamulikwa na jua lililo bado chini ya upeo. Kwetu karibu na ikweta njia hiyo husimama karibu wima, kwa hiyo mkia unaonekana vizuri kuliko Ulaya. Galaksi nyingi za buruji za Asadi na Sumbula, makundi mawili ya nyota, ziko jirani na njia hiyohiyo. Ukizifuata mwezi Desemba kabla ya alfajiri, utazikuta zimeoga ndani ya nuru ile. Mimi husubiri Aprili na Mei, zinapokuwa juu kabisa usiku wa mapema, mkia wa mbwa mwitu ukiwa umekwenda zake.

Giza si kitu kimoja na usafi wa hewa, na kosa la kuvichanganya nimelifanya mwenyewe. Niliishi Tabora kwa muda, nikajua nimefika peponi: mji uko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari wakati ziwa letu liko karibu mita 770, usiku wa Juni na Julai una baridi nzuri, na ukitoka kwenye njia ya Sikonge kwa nusu saa hakuna taa. Baridi hiyo ina maana kwa kamera. Kihisi cha kamera hutoa kelele zake chenyewe kwa joto, yaani madoadoa kwenye picha, na kelele hizo huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Picha zangu za Juni Tabora zilikuwa laini kuliko zozote nilizopata Kigoma, ambako usiku wa ziwani una joto na umande wake unajaa kwenye lenzi usipoifunga kitambaa.

Ikaja Agosti. Miombo ikaanza kuchomwa, mashamba yakasafishwa kwa moto, malisho yakachomwa ili majani mapya yachipue. Giza lilikuwa lilelile. Nyota za utosini zilikuwepo. Lakini zilizokuwa chini ziligeuka nyekundu kisha zikapotea, na galaksi nilizozipiga zilikuwa nusu ya zilivyokuwa Juni. Moshi hufanya mambo mawili mabaya kwa mkupuo mmoja: hupunguza nuru inayotoka angani, na huipa nuru ya mji kitu cha kugonga ili irudi chini. Mji mdogo wenye moshi unaweza kukuharibia picha kuliko mji mkubwa kidogo wenye hewa iliyosafishwa na mvua.

Adhabu hiyo inawaangukia zaidi Mawingu ya Magellan, galaksi mbili za jirani ambazo watu wa kaskazini hutuonea wivu. Kutoka Kigoma, Wingu Dogo hata likifika juu kabisa halizidi nyuzi 22 kutoka upeo, na Wingu Kubwa ni nyuzi 25 hivi. Nuru ya Wingu Dogo hupita kwenye hewa zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ambayo nuru ya utosini hupitia. Kwa hiyo ushauri wangu ni wa majira. Mei na Juni, mvua zikiwa zimeondoka na moto haujaanza, piga galaksi za Sumbula na Centaurus. Julai mpaka Septemba kaa utosini. Kisha subiri mvua ya kwanza ya Oktoba inayoosha hewa, na usiku wake, kama mawingu yamefunguka, usilale.

Oktoba hiyo ina jambo ambalo nimekuwa nikiwaeleza watu na sijapata namna ya kulieleza bila kusisimka. Andromeda na Wingu Dogo la Magellan ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini hadi kusini. Mwanzoni mwa Oktoba, saa zetu zikiwa zimetangulia jua kwa karibu saa nzima kwa sababu tuko magharibi mwa nchi, zote mbili hufika kilele chake karibu saa saba usiku. Ukitazama kaskazini una Andromeda kwenye nyuzi 44. Ukigeuka kusini una Wingu Dogo. Macho matupu yanatosha kuziona zote mbili.

Mwaka 1912 Henrietta Leavitt, akifanya kazi Harvard, alionyesha kwamba nyota fulani za Wingu Dogo zinazopwa na kujaa kwa mwanga zina kanuni: yenye mzunguko mrefu ndiyo yenye mwanga mkubwa. Harvard, Wingu Dogo halichomozi kamwe. Alitegemea sahani za kioo, picha za zama zile, zilizopigwa Arequipa, Peru. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Oktoba 1923, Edwin Hubble akiwa Mount Wilson, California, alipiga sahani iliyomwonyesha nyota ya aina hiyohiyo ndani ya Andromeda. Kwa kanuni ya Leavitt akapima umbali, na dunia ikajua kwamba Andromeda si wingu la hapa kwetu, ni galaksi nyingine nje kabisa ya galaksi yetu, Njia ya Maziwa. Umbali tunaoukubali leo ni miaka nuru milioni 2.5 hivi. Abdul-Rahman al-Sufi alikuwa ameiandika kama wingu dogo huko Uajemi mwaka 964, kwa macho yake tu. Kijana wa Kigoma anaweza kusimama uwanjani kwao mwezi Oktoba, akazipiga picha galaksi zote mbili za hadithi hiyo kwa usiku mmoja, kwa kugeuza stendi tu.

Kuna ugumu wake. Treka inataka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga. Nyota ya Kaskazini kwetu iko chini ya upeo. Ncha ya kusini iko nyuzi 5 tu juu ya ardhi, nyuma ya miembe na michikichi, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu kiasi kwamba kwenye umande wa ziwani huioni. Kwa hiyo tunaelekeza kwa kutazama nyota inavyoteleza kwenye skrini na kusahihisha kidogokidogo. Mara ya kwanza ilinichukua saa nzima. Sasa ni dakika 15. Satelaiti zinazokatiza fremu nazo zinasumbua, lakini programu ya kurundika huzifuta zenyewe ukiwa na fremu za kutosha, na Siril, ambayo ni ya bure, inafanya kazi hiyo vizuri.

Narudi Mount Wilson, kwa sababu kisa chake kinatuhusu. Chini ya mlima ule kuna Los Angeles. Jiji likakua, taa zikaongezeka, anga likameza mwanga mwaka hadi mwaka, na mwaka 1985 taasisi iliyokuwa ikiimiliki darubini ile ya Hubble ya mita 2.5 iliacha kuiendesha. Haikuharibika kioo. Anga lake ndilo lililoharibika. Ramani ya dunia iliyochapishwa 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya wanadamu hawawezi tena kuiona Njia ya Maziwa wakiwa nyumbani. Utafiti wa 2023, uliotokana na watu wa kawaida kuhesabu nyota tangu 2011 hadi 2022, wengi wao Ulaya na Amerika Kaskazini, ulikuta mwanga wa anga unaongezeka kwa wastani wa asilimia 9.6 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, unakuwa maradufu ndani ya miaka minane.

Mimi nimekulia Kigoma ya majenereta ya dizeli. Nimesoma kwa kibatari, pua inaamka nyeusi asubuhi. Nimeona mama mjamzito akipelekwa zahanati kwa tochi ya simu. Sitasema hata siku moja kwamba umeme wa gridi usingefika ili mimi nipige galaksi. Ninachodai ni kidogo na hakimnyimi mtu mwanga: taa ya barabarani iwe na kofia ili imulike barabara, rangi yake iwe ya joto, Kelvin 3,000 (kipimo cha rangi ya taa) au chini ya hapo, taa ya ghala au ya ufukweni iwe na kihisi cha mwendo au izimwe saa sita usiku. Nuru inayokwenda juu imelipiwa bili kama ile inayokwenda chini. Namibia ilipata hifadhi yake ya kwanza ya anga jeusi NamibRand mwaka 2012, na leo wageni hufunga safari mpaka huko kwa ajili ya nyota. Sisi tuna Gombe na Mahale, hifadhi zilizoko ufukweni, zisizo na miji mikubwa. Mgeni akimaliza kutazama sokwe mchana, usiku tunampeleka kulala. Naona ni hasara ya wazi.

Mwaka jana mtu mmoja mwenye jengo jipya karibu na kilima changu alifunga taa nne kali ukutani, zote zikitazama ziwani kwa mlalo. Kilima changu kikawa na kivuli usiku. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikaenda kubisha hodi nikiwa na picha mbili nilizozichapisha, ya kabla na ya baada. Alinikaribisha, akaniletea chai. Hakuwa na ubaya wowote; fundi ndiye aliyezifunga hivyo na yeye hakuwahi kusimama nje kuzitazama. Tulitoka pamoja. Nikamwomba asimame getini na atazame mlango wake mwenyewe. Hakuuona, kwa sababu taa zilimpiga usoni, na mwizi angeweza kusimama chini ya ukuta palepale bila kuonekana. Juma lililofuata taa tatu ziliinamishwa zikamulika ua, na mlinzi wake ndiye aliyefurahi kuliko sisi wote.

Ya nne bado inatazama ziwani, kwa kuwa iko juu sana na ngazi ya fundi haikufika. Nimeshampelekea vipimo vya bati la kuikinga, na ameniahidi itakuwa tayari kabla ya giza la mwezi ujao.